C# ya katikati: noti inayomfichua mwanafunzi wa fluti

Anayeanza mwaka wa kwanza kwenye shule ya muziki ya chuo kikuu kwa kawaida huja na hamu ya kuonyesha kasi ya vidole. Mimi humwomba kwanza noti moja: C# (C iliyopandishwa nusu toni) iliyo kwenye nafasi ya tatu ya mistari mitano, kwa sauti ndogo, sekunde 12, bila mtikiso. Nikiisikia, najua muhula wake utaanzia wapi.

Kwa noti hii vidole karibu vyote huinuka, na kinachobaki kimebonyeza ni kidole kidogo cha kulia tu. Fluti hapo inashikiliwa na mdomo wa chini, shina la kidole cha shahada cha kushoto na gumba la kulia. Vyuma vya vibonye vina uzito na viko upande wa mpigaji, kwa hiyo fluti hujizungusha ndani. Tundu la kupulizia hufunikwa kupita kiasi, sauti inafifia na kushuka. Mwanafunzi akigundua, anapuliza kwa nguvu, na noti inaruka juu.

Umbo la fluti lenyewe linachangia. Katika mfumo wa 1847 wa Theobald Boehm, mtengenezaji fluti wa Kijerumani, tundu dogo la C# hutumika pia kama tundu la kupumulia (huachwa wazi ili noti itoke) la D na E♭ zinazofuata. Ndiyo maana ni dogo na limesogezwa karibu na kichwa (kipande chenye tundu la kupulizia) kuliko inavyostahili, na C# hutoka nyembamba, mara nyingi ikiwa juu.

Kabla ya kulaumu midomo, kagua koki, kizibo kilicho ndani ya kichwa cha fluti. Ingiza fimbo ya kusafishia kwenye kichwa: alama yake lazima ionekane katikati kabisa ya tundu la kupulizia, yaani milimita 17 hivi kutoka kwenye koki. Ikihama, oktava hazikubaliani. Pima kwa D tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Kisha pasha fluti moto kwa pumzi, vibonye vikiwa vimefungwa, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto hubadilisha sauti kwa takriban senti 3 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Anayetuna fluti ikiwa baridi atajikuta juu ya wenzake baada ya dakika kumi.

Sasa mazoezi. Anza na B, ambayo ni imara, shuka na kupanda kati yake na C# bila kuruhusu rangi ya sauti ibadilike. Simama mbele ya kioo uangalie kama kichwa cha fluti kinazunguka. Ikizunguka, tatizo liko kwenye gumba la kulia lililosogea mbele mno. Kwenye noti ndefu, kubonyeza pia vidole vitatu vya kati vya mkono wa kulia huishusha C# kidogo na kuipa mwili. Kwenye vifungu vya kasi, achana nayo.

Yote haya hukutana kwenye dondoo la okestra linaloombwa sana kwenye usaili wa wapiga fluti: mwanzo wa Prélude à l'après-midi d'un faune ya mtunzi Mfaransa Debussy (1894). Fluti inaingia peke yake, polepole na kwa upole, kwenye C# hiyo hiyo, inateremka hadi G na kurudi. Wengi huishiwa pumzi kwa sababu tundu la midomo yao ni pana, na hewa inamwagika kwenye noti ya kwanza. Lipunguze kwanza, ndipo ufikirie kuvuta hewa zaidi.