Kwa nini msumeno wa kukatia hogo haukati ngozi?

Siku ya kufungua hogo, ile plasta ngumu (POP) inayofungwa juu ya mfupa uliovunjika, katika kliniki ya mifupa, iwe hospitali ya KCMC pale Moshi au kwingine, mtoto huanza kulia kabla hajaguswa. Kinachomtisha ni mngurumo, kama wa mashine ya mbao, na kile kidiski cha chuma chenye meno. Dakika chache baadaye POP imepasuliwa pande mbili, na mguu hauna hata mkwaruzo.

Kidiski kile hakizunguki. Kinatikisika tu kushoto na kulia, nyuzi chache kila upande, zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kila jino linasogea milimita 1 hivi, kisha linarudi. Jaribu mwenyewe: bonyeza ncha ya kidole juu ya mgongo wa kiganja, ukitikise kidogo huku na huku. Hakitelezi, ngozi inakifuata. Fanya hivyo juu ya meza, kitakwaruza. Hogo ni jasi iliyoganda, haina pa kukimbilia, kwa hiyo meno yanaisaga. Ngozi inakwenda na jino na kurudi nalo.

Ila ngozi iliyobana juu ya mfupa haina nafasi ya kucheza. Ndiyo maana njia ya msumeno hukwepa vifundo vya mguu. Pamba ya ndani iliyokauka kwa damu ikagandamana na ngozi ni hatari vilevile.

Hata hivyo, hatari si kukatwa tu, kuna kuungua pia. Msuguano hupasha kidiski moto, zaidi kikiwa butu, na zaidi tena kwenye plasta ya faiba kuliko ya jasi. Anayeijua kazi haburuti msumeno. Anaegemeza kidole juu ya plasta ili mkono usizame, anasukuma chini mpaka asikie ugumu umekwisha, anainua, anasogea mbele, anarudia. Katikati ya kazi anakigusa kidiski. Kikiwa cha moto anakipumzisha. Pamba haikatwi kwa msumeno bali kwa mkasi wenye ncha butu. Mgonjwa akisema "moto!", kazi isimame, asiambiwe ni mwoga.

Kifaa hiki kilibuniwa miaka ya 1940 na Homer Stryker, daktari wa mifupa wa Kalamazoo, Marekani. Mochwari nazo zinautumia msumeno wa aina hiyo kufungulia fuvu wakati wa kuchunguza maiti, baada ya ngozi ya kichwa kukunjuliwa. Haushushwi mpaka kwenye ubongo: utando mwembamba wa mwisho wa mfupa huachwa, ukabanduliwa kwa patasi. Lakini marehemu akishukiwa kupigwa kichwani, nyundo na patasi huwekwa kando, maana ufa mpya unaweza kudhaniwa ni wa zamani.

Huko mochwari kinachoogopwa ni vumbi la mfupa. Linaelea hewani na vijidudu vyake, TB ikiwemo, na barakoa ya kawaida ya kitambaa haitoshi. Ikishukiwa maiti ilikuwa na kichaa cha mbwa, wengi hurudi kwenye msumeno wa mkono: unachosha, lakini vumbi lake ni dogo.