Ukija Mwanza usianzie Bismarck

Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini kwa miguu, na karibu kila mgeni anayenipigia anataka Bismarck, lile jiwe la ziwani, apige picha asepe. Mi nagoma. Tunaanzia mnara wa saa, asubuhi, kabla jua halijachachamaa.

Pale mnarani kuna kibao kinasema tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza. Haya, aliliona, ila mi huwa nawauliza wageni, alifikaje? Mwenzake Burton alibaki Kaze, ndo Tabora ya leo, anaumwa, Speke akapanda huku na msafara, na kwenye msafara alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa utumwani mpaka India, baadaye akarudi pwani, na Kihindi alichojifunzia huko ndo kilimfanya aelewane na Speke. Jina la Bombay kwenye kibao hulioni. Na ziwa lenyewe wenyeji walishaliita Nyanza zamani tu, jamaa kaja kulibatiza jina la malkia wake!

Toka hapo tunakatiza Makoroboi. Jina limetokana na koroboi, vile vibatari vya makopo vilivyokuwa vinatengenezwa na mafundi wa hapo, ambao karakana zao zilijibana katikati ya majabali. Hapo huwa nachelewa makusudi maana ndo pazuri pa kuwaelezea mawe, kila mtu anauliza nani aliyapanga. Hakuna aliyepanga. Ni granaiti iliyopasuka ikiwa bado chini ya udongo, maji yakapenya kwenye nyufa yakala kona kwanza, kona zikiliwa jiwe linakuwa duara, halafu mvua za miaka na miaka zikasomba udongo wote, mawe yakabaki yamekaliana hivyohivyo. Ukishaelewa hilo ukiangalia nyumba za mlimani unaona watu walivyojenga kwa kufuata jiwe linavyotaka, ukuta unaishia kwenye mwamba na maisha yanaendelea.

Bandarini tunapita fasta, naonyesha tu reli iliyofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, mizigo ikawa inatoka kwenye behewa inaingia melini.

Mwisho kabisa ndo Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, jina la kansela wa Ujerumani ambaye wala hakuwahi kukanyaga hapa. Wageni wanapiga picha zao, mi naenda zangu kutafuta sato.