Ukoo wa Carter na muziki wa kantri: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitajwa muziki wa kantri wa Marekani unaopokezanwa na vizazi vya ukoo mmoja, jina linalokuja kwanza ni la akina Carter wa Poor Valley, kaunti ya Scott, jimbo la Virginia. Walianza watatu: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu ya Sara aliyeolewa na Ezra, mdogo wake A.P. Habari zao zimesimuliwa mno, na kila msimulizi ametia chumvi yake.

Dhana: Kantri ilizaliwa Bristol mwaka 1927

Bristol ni mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia. State Street, barabara yake kuu, ndiyo mpaka wenyewe. Ralph Peer wa Victor, kampuni ya kurekodi muziki, alifungua mitambo huko mwishoni mwa Julai 1927, na tarehe 1 na 2 Agosti akawarekodi akina Carter nyimbo sita kwa dola 50 kila wimbo. Maybelle alikuwa na miaka 18 na ujauzito mkubwa. Tarehe 4 ikawa zamu ya mwimbaji Jimmie Rodgers, yule ambaye sahani zake za santuri zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, wakamwimba kwa jina la Chemirocha, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akawarekodi mwaka 1950.

Lakini mpiga fidla Eck Robertson alikwisha kurekodi New York mwaka 1922, na Peer huyohuyo alimrekodi Fiddlin' John Carson mjini Atlanta mwaka 1923. Bristol ilileta majina mawili makubwa kwa wiki moja. Mwanzo wenyewe ulikwisha pita.

Dhana: A.P. alitunga kila wimbo wenye jina lake

Hapana, na hili ni muhimu kwa yeyote anayetafuta asili ya nyimbo hizi. "Wildwood Flower", wimbo wao unaojulikana kuliko karibu nyimbo zao zote, ulitokana na wimbo uliochapishwa mwaka 1860, muziki wake ukiwa wa Joseph Philbrick Webster. "Keep on the Sunny Side" ni wa mwaka 1899, maneno ya Ada Blenkhorn. Peer alikuwa akipata fedha kupitia hakimiliki za nyimbo, kwa hiyo alihitaji nyimbo zinazoweza kusajiliwa kama mpya, na jina lililosajiliwa likawa la A.P.

Kazi aliyoifanya A.P. ilikuwa nyingine, na ni kazi ya haki. Alizunguka vijiji na miji akiomba watu wamwimbie, akapewa ubeti mmoja hapa na nusu ubeti kule, kisha akaziba mapengo, akabadili maneno na kuufupisha wimbo utoshee dakika tatu hivi za upande wa sahani. Ndiyo sababu maneno mengine hayaeleweki vizuri: yalisikika vibaya njiani yakabaki hivyo. Anayeyasahihisha leo kwa kudhani mwimbaji alikosea anafuta alama za safari ya wimbo.

Dhana: Ni urithi wa Wazungu wa milimani peke yao

Katika safari hizo A.P. hakuwa peke yake. Aliandamana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyekuwa akiishi Kingsport, Tennessee, ambaye alipoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji na alikuwa amepungukiwa vidole viwili vya mkono wa kulia. A.P. aliandika maneno, tuni aliishika Riddle kichwani na kuwafikishia Sara na Maybelle nyumbani. Maybelle alijifunza upigaji wa Riddle kwa kumtazama. Jina lake halikuwekwa kwenye sahani hata moja ya kundi, na mpaka leo masimulizi mengi humruka. Ni dhuluma iliyodumu mno. Ukoo huu ulirithi pia kutoka nje ya ukoo, na anayesema vinginevyo anakata mzizi mmoja wa mti.

Dhana: Gitaa la Maybelle lilikuwa la kusindikiza tu

Hapa ndipo urithi wenyewe ulipo. Kabla yake, katika muziki huu fidla au banjo ndizo zilizobeba tuni, gitaa likipiga kodi nyuma, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Maybelle alikabidhi kidole gumba tuni kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada mdundo kwenye nyuzi nyembamba. Wapenzi wa gitaa la Kongo wataona tofauti: Jean-Bosco Mwenda naye alitumia vidole hivyo viwili, lakini kwake gumba lilishika besi na shahada ikapiga tuni juu.

Ukitaka kuujaribu, shika kodi ya C. Tuni inapatikana palepale: C ni waya wa 5 (ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa) freti ya 3 (vijiti vya chuma vya shingo ya gitaa), D ni waya wa 4 bila kubana, E ni waya wa 4 freti ya 2, F ni waya huohuo freti ya 3, G ni waya wa 3 bila kubana, A ni waya huo freti ya 2. Hesabu mapigo manne. La 1 na la 3 ni ya gumba, noti moja ya tuni kila pigo. La 2 na la 4, shahada inafagia waya wa 3 hadi wa 1 kwenda chini kwa mgongo wa kucha, kisha inarudi juu kwa wepesi. Tuni ikiwa na noti za haraka, acha kufagia, gumba liendelee mpaka tuni ipumue.

Wengi hukwama mahali pamoja: ufagio unapiga kelele kuliko tuni, kwa sababu mkono mzima unashuka. Tuliza kifundo, utembeze kidole tu. Kosa la pili ni kuinua kodi yote kila unapotafuta noti. Inua kidole kimoja kinachohitajika, vingine vibaki, la sivyo nyuzi nyembamba zitakufa. Anza na mapigo 60 kwa dakika.

Na ukipiga pamoja na rekodi zao ukaona ufunguo haulingani, gitaa lako si bovu. Maybelle mara nyingi alishusha nyuzi zote kwa kiasi kilekile ili zifuate sauti nzito ya Sara. Sara ndiye aliyeongoza kuimba, A.P. aliingia na besi alipojisikia.

Dhana: Kundi lilivunjika ndoa ilipovunjika

Sara na A.P. walitalikiana mwaka 1936. Waliendelea kurekodi hadi 1941, na kundi likaisha 1943.

Dhana: Urithi huu ni wa damu

Maybelle aliendelea na binti zake Helen, June na Anita, na June akaolewa na mwimbaji Johnny Cash mwaka 1968. Kwa sababu hiyo watu humwita Rosanne Cash, binti wa Johnny, mjukuu wa Maybelle. Mama yake Rosanne ni Vivian Liberto, mke wa kwanza wa Cash. Hana damu ya Carter, lakini Helen alimfundisha gitaa walipokuwa safarini, kodi kwa kodi. Carlene Carter, binti wa June, ndiye mjukuu.

Nyumbani Virginia, Janette, binti wa A.P. na Sara, alianza maonyesho mwaka 1974 katika duka la zamani la baba yake, na mwaka 1976 yakahamia ukumbi wa Carter Fold huko Hiltons. Ni kila Jumamosi, bila pombe, na ala za umeme haziruhusiwi. Johnny Cash aliruhusiwa kwa heshima ya mkwe, na hapo ndipo alipopiga onyesho lake la mwisho, tarehe 5 Julai 2003, wiki saba baada ya kifo cha June.