Kitendawili cha Fermi: mbona mbingu kimya?

Mwaka 1950, mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa akila chakula cha mchana na wenzake huko Los Alamos, Marekani. Katikati ya maongezi akauliza: basi wako wapi? Wenzake walielewa mara moja kwamba anasema juu ya viumbe wa sayari nyingine. Swali hilo ndilo leo linaitwa kitendawili cha Fermi: hesabu inadai viumbe wenye akili wawe wengi, lakini hatujapata dalili ya hata mmoja. Na hadi sasa hakuna aliyekitegua, wala aliyekubali kutoa mji.

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina nyota zisizopungua bilioni 100. Upana wake ni takriban miaka ya nuru 100,000, yaani nuru yenyewe huhitaji miaka 100,000 kuivuka. Chombo kinachokwenda kwa asilimia 1 tu ya mwendo wa nuru kingeivuka kwa miaka milioni 10. Kwetu hiyo ni dahari, ila galaksi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 13, na kwake hiyo ni kama juzi. Jamii moja tu iliyotutangulia ingekuwa na muda tele wa kufika kila pembe. Kwa hiyo kusema "wako mbali mno" hakutoshi.

Huenda uhai wenye akili ni adimu. Hapa duniani vijidudu vimekuwepo kwa angalau miaka bilioni 3.5, wanyama kwa miaka milioni 600 hivi, na redio haijatimiza hata miaka 150. Mgeni ambaye angepita wakati wowote katika historia hiyo ndefu, yaelekea angekuta vijidudu vitupu. Wapo pia wanaohofu kwamba jamii zenye ufundi mkubwa hujiangamiza mapema. Hofu hiyo siipuuzi.

Lakini mimi naona kwanza tukiri kwamba hatujatafuta vya kutosha. Mwaka 1960 mwanaastronomia Frank Drake alielekeza darubini ya redio (antena kubwa inayopokea mawimbi ya redio kutoka angani) ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili tu, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Tangu hapo msako umepanuka sana, ila ili kunasa ishara ni lazima upatie mahali, masafa ya mawimbi na saa, vyote kwa pamoja. Ukikosea kimoja, umekosa.

Tazama usiku wa Agosti 15, 1977. Darubini ya Big Ear, jimboni Ohio, haikufuata nyota. Iliacha mzunguko wa Dunia uipitishe anga mbele yake, na kila sehemu ilikaa hapo kwa sekunde 72 hivi. Ishara kali ilidumu sekunde hizo hizo. Siku chache baadaye mwanaastronomia Jerry Ehman, akipekua karatasi za kompyuta, alizungushia kalamu nyekundu alama sita zilizoonyesha nguvu ya ishara, 6EQUJ5, na pembeni akaandika neno moja la mshangao. Darubini ilikuwa na vipokezi viwili vilivyopita sehemu ileile kwa tofauti ya dakika chache. Kimoja kilisikia, kingine hakikusikia kitu. Watafiti wamerudi kusikiliza hapo mara kadhaa, bila mafanikio. Chanzo chake hakijathibitishwa, na lau mtambo ungezimwa dakika mbili tu usiku ule, tusingejua kama kulikuwa na chochote.