Mashine za mtumba za kuchakata taka: dhana potofu na ukweli

Wanunuzi wengi huanza na bei, kisha mwaka wa kutengenezwa. Mimi huanza na swali moja: hii mashine ilikuwa ikilishwa nini? Wauzaji hawalipendi sana swali hilo, na jibu lake hupangua mengi ambayo watu huyaamini.

Dhana: mita inaonyesha saa chache, basi mashine ni nzima

Mita hupima muda, haipimi mateso. Krasha, yaani mashine ya kusaga plastiki kuwa vipande, iliyosaga chupa safi kwa saa 8,000 yaweza kuwa na afya kuliko iliyosaga mabomba yenye mchanga kwa saa 2,000, maana mchanga hula chuma kama msasa. Isitoshe, mita ni kifaa kidogo kinachobadilishwa kwa dakika chache. Vitufe vilivyofutika maandishi na ngazi iliyolika kwa nyayo husema kweli zaidi.

Kwenye ekstruda, ile inayoyeyusha plastiki ili itoke ikiwa punje, hatari imejificha ndani. Skrubu nyingi, pamoja na silinda zake, zimegumishwa kwa naitrojeni usoni tu, na tabaka hilo gumu halifiki hata milimita moja. Likiisha, chuma cha ndani huliwa upesi. Nafasi kati ya skrubu na ukuta hupanuka, plastiki iliyoyeyuka hurudi nyuma badala ya kusonga mbele, na kila kilo ya punje huanza kula umeme mwingi kuliko zamani. Hakuna jicho litakaloona haya kwa nje. Omba skrubu ichomolewe, ipimwe kwa maikromita, kile kipimo cha unene mdogo sana, pamoja na kipenyo cha ndani cha silinda, kisha vipimo vilinganishwe na vya mtengenezaji. Muuzaji akigoma, jibu umeshalipata.

Dhana: nimeiona ikizunguka, inatosha

Mashine kuzunguka ikiwa tupu ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa kuwa umemsikia akilia. Nenda na mzigo wako mwenyewe, ule utakaoulisha kila siku, pamoja na uchafu wake.

Mashine ya kufunga marobota hudanganya hasa asubuhi. Oili ya haidroliki, ile inayosukuma mkono wa kubana, ikiwa baridi huwa nzito, na uzito huo huficha pampu iliyochoka na sili (vizuizi vya kuzuia oili isivuje) zilizolika. Acha ifanye kazi saa nzima mpaka oili ipate moto na kuwa nyepesi, halafu ndipo utazame. Ikishafikia shinikizo la juu, zima pampu uangalie geji: sindano ikishuka haraka, kuna uvujaji wa ndani, kwenye sili au kwenye vali. Chota oili kidogo. Ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imepikwa muda mrefu.

Rangi mpya nayo isikuvutie. Chini yake huweza kuwa na fremu iliyopasuka na kuchomelewa upya. Kati ya mashine iliyopakwa jana na yenye kutu inayoonekana wazi, naamini ya kutu.

Dhana: imeandikwa tani moja kwa saa, nitapata tani moja

Tani moja ya nini? Mifuko laini ni myepesi, hujaza mdomo wa mashine kabla ya kufikisha kilo za maana, na ikiwa na maji hali ni mbaya zaidi. Pia, ukinunua mtambo mzima wa kuosha na kusaga, utapata kiasi kile tu kinachopita kwenye mashine yake dhaifu kuliko zote.

Dhana: transfoma itamaliza tofauti ya umeme

Transfoma hubadilisha volti, haigusi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo nchi mashine ilikotoka yaweza kutofautiana na kwako. Mota ya nguzo nne (nguzo za sumaku ndani yake) iliyoundwa kwa hezi 60 huzunguka karibu mara 1,800 kwa dakika. Ukiipa hezi 50 inashuka hadi karibu 1,500, yaani imepoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi. Feni za kupuliza chenga na pampu za oili hupungua pamoja nayo. Volti nazo lazima zishuke kwa uwiano huohuo. Mota ya volti 480 kwa hezi 60 huvumilia volti 400 kwa hezi 50, kwa sababu ukigawanya volti kwa hezi unapata 8 pande zote mbili. Ila ya volti 380 kwa hezi 60 ukiiweka kwenye volti 400 kwa hezi 50, inapata moto kupita kiasi.

Dhana: alama ya CE maana yake imekaguliwa

Kwa mashine nyingi ni mtengenezaji mwenyewe anayetangaza kwamba ametimiza masharti ya Ulaya. Na alitangaza siku ilipotoka kiwandani, kabla mtu hajang'oa swichi ya mlango, ile inayozuia mashine kuwaka mlango ukiwa wazi, ili kazi iende haraka. Fungua mlango wa visu mashine ikiwa imezimwa, kisha mwambie fundi ajaribu kuiwasha. Isiwake.

Dhana: kilichobaki ni usafiri tu

Kuna kuifungua, winchi, msingi wa zege, nyaya, seti mpya ya visu. Kuna pia ubongo wake: baadhi ya vidhibiti vya zamani huhifadhi programu kwa betri, na mashine ikikaa miaka stoo betri hufa na programu hupotea. Dai nakala kabla ya kulipa. Siku ya kuifungua uwepo, upige picha kila kabati la umeme na kubandika lebo kwenye kila waya, kwa sababu vibarua walioagizwa kuharakisha hukata nyaya kwa msumeno.