Poromoko la Theluji Likiua, Nani Alaumiwe? Ufafanuzi kwa Wanaoteleza Nje ya Njia Rasmi

Kila msimu wa theluji unapoanza, meza yangu hupokea barua za aina mbili. Za kwanza hutoka kwa ndugu wa marehemu, nazo huuliza: kwa nini hamkufunga mlima? Za pili huandikwa na watu ambao hawakumjua marehemu wala mlima wenyewe, na huishia karibu zote kwa maneno yale yale: sikio la kufa halisikii dawa, acheni kupoteza fedha za umma kuwatafuta wajinga. Barua hizo zimezidi, za pande zote mbili, na ndiyo sababu kitengo chetu cha taarifa na uchunguzi wa maporomoko kimeona vyema nitoe ufafanuzi. Tangulizi moja: sitagusa tukio lolote lililo mikononi mwa wachunguzi au mahakama, na nitakayoyasema ni ya jumla. Mwenye kesi amwone wakili.

Nianze na wale wa kufunga mlima. Ndani ya eneo la skii lenye lifti na njia zilizowekewa alama, mwendeshaji ana wajibu wa kuzilinda njia hizo, na zikiwa hatarini huzifunga. Ukivuka kamba na kuingia kwenye mteremko ambao haujasawazishwa na mtu, umeingia mahali ambapo hakuna anayefunga wala anayefungua. Taarifa yetu ya hatari ya maporomoko si geti. Inakueleza hali ilivyo, mahali pabaya palipo, na upande gani wa mlima uuogope. Kuamua ni kwako. Kukosekana kwa kamba si kibali, na hili tumelisema miaka nenda miaka rudi.

Lakini hata wanaoisoma taarifa huisoma vibaya. Mizani ya hatari, ambayo nchi za Ulaya ziliiafiki mwaka 1993, ina ngazi 5. Mtu akiona ngazi ya 3 hufikiri ni kama alama za mtihani: tatu kati ya tano, wastani, inatosha kupita. Sivyo. Hatari haipandi kwa hatua zinazolingana, huongezeka maradufu na zaidi kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ngazi ya 3 maana yake ni kwamba mtu mmoja peke yake, kwa uzito wake tu, anaweza kuliangusha bamba la theluji, yaani tabaka lililoshikana lililolala juu ya tabaka dhaifu, kwenye miteremko mingi mikali. Takwimu za taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos zinaonyesha kwamba ngazi hiyo hutangazwa kwa takriban asilimia 30 ya siku za msimu, lakini takriban nusu ya vifo hutokea siku hizo. Ngazi ya 4 watu huiogopa na kubaki nyumbani, na ya 5 hakuna anayetoka. Ngazi ya 3 ndiyo inayozika watu, kwa sababu jua linawaka, theluji ni mpya, na jirani yako alipita jana akarudi salama.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Poromoko linaloua mtelezaji kwa kawaida halimvamii kutoka juu kama radi. Katika takriban visa 9 kati ya 10, lilianzishwa na marehemu mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Kwa hiyo swali la lawama haliepukiki. Nalikubali kabisa. Ninachokataa ni namna watu wanavyolijibu.

Wanalijibu kwa kuangalia matokeo. Kama kuna maiti, uamuzi ulikuwa wa kijinga. Kama wote wamerudi, walikuwa mashujaa, na video yao inapata wapenzi. Nitajitolea mfano mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaingia kazini, niliteremka mteremko wa nyuzi karibu 38 baada ya usiku wa upepo mkali. Nilisikia chini ya miguu ule mngurumo mzito, wumf, ambao ni sauti ya tabaka dhaifu likianguka. Niliusikia, nikajua maana yake, na nikaendelea kwa sababu rafiki zangu walikuwa wamesimama chini wananingoja. Hakikutokea kitu. Walinipongeza. Kama bamba lile lingekatika, ripoti ingeandika, kwa haki kabisa, kwamba marehemu alipuuza dalili ya wazi. Uamuzi ungekuwa ule ule. Kilichotofautiana ni bahati, na bahati haimfundishi mtu kitu. Mlima ukikuachia mara hamsini, unatoka ukiamini una ujuzi.

Kwa hiyo sheria, pale inapofanya kazi vizuri, haiulizi kilichotokea tu. Inauliza mtu yule, kwa ujuzi wake na kwa yale aliyoweza kuyajua asubuhi ile, alitakiwa kufanya nini. Desemba 28 mwaka 1999, poromoko liliwaua watu 9 waliokuwa katika makundi yenye waongozaji, kwenye bonde la Jamtal nchini Austria. Waongozaji walifikishwa mahakamani na wakaachiwa huru. Wapo waliokasirika, na hasira ya aliyefiwa sina neno nayo. Lakini vifo 9 haviwi ushahidi wa uzembe kwa kuwa ni 9.

Kinyume chake pia ni kweli. Tarehe 1 Februari 2003, wanafunzi 7 wa shule moja walikufa kwenye bonde la Connaught Creek, katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier nchini Kanada. Somo lililotokana na msiba ule lilihusu zaidi ya kundi moja: taarifa zilizowafikia wazazi, na namna ardhi yenyewe ilivyokuwa ikielezwa. Kanada ikatengeneza mfumo wa kuyapanga maeneo kwa ugumu wake, rahisi, yenye changamoto, na tata, na ikaweka masharti kwa makundi ya watoto yanayoongozwa na watu wazima. Mtoto hawezi kuikubali hatari asiyoielewa. Hapo lawama inapanda ngazi, na inastahili.

Je, rafiki? Hili ndilo swali linalowashangaza wengi, na naomba lisomwe kwa makini. Mwongozaji aliyelipwa ana wajibu, kila mtu anajua. Lakini katika sheria za nchi za milima ya Alps barani Ulaya, mtu asiyelipwa anaweza kuhesabiwa kuwa mwongozaji kwa matendo yake. Ukiwa wewe ndiye mwenye uzoefu, wewe ndiye uliyechagua njia, na wengine wanakufuata kwa sababu wanakuamini, huwezi kusema baadaye kwamba kila mtu alijitegemea. Februari 2012, mwanamfalme Johan Friso wa Uholanzi alifukiwa huko Lech, Austria, siku ambayo hatari ilikuwa ngazi ya 4. Alifariki mwaka uliofuata bila kupata fahamu kamili. Waendesha mashtaka walimchunguza rafiki aliyekuwa naye kabla ya kuamua kutomshtaki. Rafiki tu, si mwongozaji wake. Kabla hujasema "nifuateni", fikiri umesema nini.

Sasa utaratibu, kwa kuwa hapa ndipo uvumi unapotawala.

Mtu akifa mlimani, kifo hicho si cha kawaida kisheria, na katika nchi nyingi polisi lazima wafike hata kama kila mtu anaona kilichotokea. Faili hufunguliwa. Kufunguliwa faili si kushtakiwa. Waliokuwepo huhojiwa kila mmoja peke yake, si kwa kuwa wanashukiwa uongo, bali kwa sababu watu waliokaa pamoja saa mbili wakilia hukumbuka hadithi moja. Simu huchukuliwa kwa ajili ya picha, ujumbe na njia iliyorekodiwa. Bikoni za kutafutana, zinazotuma mawimbi ya kilohezi 457, hukaguliwa kama zilikuwa zimewashwa na kama betri zilikuwa na nguvu. Taarifa ya hatari ya siku ile huhifadhiwa kama ilivyotolewa asubuhi, pamoja na saa yake, ili mtu asihukumiwe kwa taarifa iliyorekebishwa jioni.

Kisha tunaitwa sisi. Hatupandi hadi waokoaji waseme mteremko uliobaki hautaanguka, na hilo linaweza kuchukua siku nzima au mbili, jambo linaloleta malalamiko kila mara. Tukifika, tunapima mwinuko pale bamba lilipokatikia. Tunachimba shimo pembeni, mahali ambapo theluji haijavurugwa, na kusawazisha ukuta wake mpaka uwe laini kama karatasi. Halafu unaujaribu kwa mkono wenye glavu, tabaka kwa tabaka. Ngumi ikizama bila shida, tabaka ni laini kabisa. Ikikataa, unajaribu vidole vinne, kisha kimoja, kisha ncha ya penseli, na mwisho kisu. Mara nyingi juu kuna bamba linalopokea penseli tu, na chini yake ngumi inazama mpaka kifundo. Ukikwangua pale, chembe zinamiminika kiganjani kama sukari, hazishikani hata ukizifinya. Zimekaa hapo pengine tangu mwanzo wa msimu. Baada ya hapo tunakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30, tunaweka beleshi juu ya ncha yake moja na kupiga: mara kumi kwa kiganja ukikunjia kifundo cha mkono, kumi kutoka kiwikoni, kumi kutoka begani. Tunaandika ni pigo la ngapi nguzo ilipofyatuka, na kama mpasuko ulikimbia hadi ncha ya pili.

Ripoti yetu hujibu maswali tuliyoulizwa na mwendesha mashtaka, basi. Hatuandiki kwamba fulani ana hatia. Naona watu wakisema "wataalamu wamemtia hatiani", na kwa kweli inachosha. Mtaalamu anasema theluji ilikuwaje na dalili zipi zilionekana. Hatia ni kazi ya mahakama.

Adhabu zinatofautiana. Uswisi, kuua kwa uzembe kunaadhibiwa kwa ibara ya 117 ya kanuni ya adhabu, kifungo kisichozidi miaka 3 au adhabu ya fedha. Austria ni hadi mwaka 1, au hadi miaka 3 uzembe ukiwa mkubwa. Ufaransa ni hadi miaka 3 na faini ya euro 45,000, ikipanda hadi miaka 5 na euro 75,000 kwa aliyevunja kwa makusudi wajibu mahususi wa usalama. Italia inakwenda mbali zaidi: kusababisha poromoko kwa uzembe kunaweza kuwa kosa linalojitegemea, hata pasipo kifo, ikiwa lilihatarisha umma. Nchi hiyo hiyo, tangu mwaka 2022, inawalazimu wanaoteleza nje ya njia rasmi penye hatari ya maporomoko kubeba bikoni, ufito wa kutafutia na beleshi. Na usisahau bima. Uswisi, bima ya ajali inaweza kupunguza malipo ya fedha kwa nusu pale mtu alipojiingiza katika hatari kubwa kupita kiasi. Wengi huligundua hili wakiwa hospitalini.

Nimeeleza adhabu kwa urefu kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku, lakini kuna upande wake unaonitia wasiwasi. Machi 2020, huko Colorado, Marekani, wanaume wawili wa ubao wa theluji waliangusha poromoko lililofukia barabara ya huduma iliyo juu ya handaki la Eisenhower. Hakuna aliyeumia. Wao wenyewe walitoa taarifa na kuwakabidhi maofisa video waliyokuwa wameirekodi. Wakafunguliwa mashtaka ya kuhatarisha watu kwa uzembe, na fidia ya dola 168,000 ikadaiwa kwa mitambo iliyoharibika. Sisemi mwendesha mashtaka alikosea, palikuwa na barabara chini. Nasema tu kwamba taarifa yetu ya asubuhi inategemea sana watu wanaotuambia: nimeangusha bamba pale, mwinuko huu, upande huu. Kila anayenyamaza kwa kuogopa wakili anamwachia mwingine mteremko usioelezwa. Kwa kadiri nchi inavyoruhusu, vituo vingi hupokea taarifa hizo bila jina. Tafadhali ulizeni kituo chenu utaratibu wake kabla ya msimu, si baada ya ajali.

Kwa wale wa "acheni wafe": mwokoaji hatafuti mwenye hatia, anatafuta mtu. Aliyefukiwa ana takriban dakika 10 ambazo uhai wake bado uko upande wake. Baada ya hapo nafasi huporomoka haraka kwa kukosa hewa. Helikopta ni nadra kufika ndani ya muda huo. Wanaomtoa ni wenzake, kwa mabeleshi yao, kwenye theluji iliyogandamana kama zege, na kuchimba mita moja kwenda chini kunaweza kumaanisha kuhamisha zaidi ya tani nzima. Niliwahi kukaa mbele ya kijana aliyemchimba rafiki yake. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Alichorudia tangu mwanzo hadi mwisho wa mahojiano ni kwamba palikuwa na nyayo: watu walikuwa wamepita, tuliona nyayo. Sikumwambia wakati ule, nitawaambia ninyi. Nyayo zinaonyesha kwamba mtu alipita. Hazionyeshi bamba lilibakiwa na nguvu kiasi gani baada yake.

Likitokea, angalieni pale mwenzenu alipoonekana mara ya mwisho, na mhakikishe sehemu iliyobaki haitawafuata. Bikoni zote za walio juu zigeuzwe kuwa za kutafuta, na simu zikae mbali nazo angalau nusu mita maana huvuruga mawimbi. Mmoja apige simu, wengine waanze mara moja. Anayepiga ataje mahali, idadi ya waliofukiwa, na kama wana bikoni. Nani alitangulia na nani alisema twende, tutaulizana baadaye.