Je, wajua kwa nini hutakiwi kuingia msitu wa miti ya kauri na viatu vyenye tope?

Ukienda kutembea kwenye misitu ya kauri kaskazini mwa New Zealand, mlangoni utakuta kituo chenye brashi na dawa. Wapo wanaokipita haraka wakidhani kimewekwa kwa ajili ya unadhifu. Kumbe ni karantini ya kuzuia ugonjwa unaoua miti hiyo.

Kauri huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Ule mkubwa kuliko yote iliyo hai, Tāne Mahuta wa msitu wa Waipoua, una urefu wa takriban mita 51 na mzingo wa karibu mita 14. Shina lake hunyooka bila matawi ya chini, na ndiyo sababu karne ya 19 iliyakata mapori haya kwa fujo: milingoti ya meli, mbao za nyumba. Katika bonde la Kauaeranga wakataji walijenga mabwawa ya mbao kwenye vijito, wakakusanya magogo, kisha wakafungua lango ili maji yayasombe hadi bondeni. Leo mtembeaji hupita kwanza kwenye kauri changa nyembamba kama nguzo za umeme kabla ya kumfikia mkongwe. Waipoua wenyewe ulilindwa rasmi mwaka 1952.

Kilichonusurika shoka sasa kinaandamwa na kimelea kiitwacho Phytophthora agathidicida, cha jenasi moja na kile cha ugonjwa wa bakajani chelewa kinachowatesa wakulima wa viazi wa Njombe na Nyandarua. Kimelea hiki cha kauri kinaishi udongoni, huogelea kwenye unyevu hadi kwenye mizizi na kuiozesha. Mti hukosa maji na chakula, majani huwa ya njano, utomvu huvuja chini ya shina, hatimaye unakufa. Tiba hakuna, sindano za dawa ya fosfaiti hupunguza tu kasi.

Shida ni kwamba mizizi myembamba ya kauri iko juujuu, ndani ya kichuguu laini cha magamba yaliyodondoka shinani, nayo husambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Udongo wa ukubwa wa kichwa cha pini unatosha kuleta ugonjwa.

Kwa hiyo brashi kwanza. Kwangua soli, hasa katikati ya meno yake, kisha ncha ya kiatu, kamba, na ncha za fimbo za kutembelea. Dawa inafuata baadaye. Wengi hukosea hapa: hupuliza juu ya tope, nayo dawa haipenyi. Tena mbegu za kimelea zenye ganda gumu hustahimili dawa na kukaa udongoni miaka, hivyo brashi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Rudia ukitoka, maana msitu unaofuata huenda bado ni mzima.

Ndani, usishuke kwenye njia ya mbao, hata kwa picha moja tu ya kukumbatia shina. Vijia kadhaa hufungwa kabisa, kwa hiyo angalia taarifa za hifadhi kabla ya kufunga safari. Mbwa aachwe nyumbani. Makucha nayo hubeba udongo.